Aliyenitoa Matangani

Sitaki pole ya mtu. Nasema mapema, kwa sababu Migori watu ni mabingwa wa pole: mtu anakupa pole asubuhi, saa sita anakucheka kwa kinyozi. Nataka mnisikilize tu, halafu kila mtu arudi kwake akapike.

Nilizaliwa Karungu, kando ya ziwa, nikaolewa Uriri, na kazi nikaipata Migori mjini. Kwetu mwanamke akishaolewa huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mjini kote mimi nilikuwa Nyar Karungu, binti wa Karungu. Mwajiri wangu naye tulimwita Madam. Alikuwa amefundisha nasari kabla ya kuingia kwenye biashara, na hata alipoacha chaki hakuacha ile tabia ya kuongea na mtu mzima akiwa amemwinulia kidole.

Alipoanza, hoteli ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya stendi, benchi mbili na meza moja yenye mguu uliofungwa kwa waya. Mpishi mimi, mwosha vyombo mimi, mfukuza walevi mimi. Yeye alikaa mlangoni akiwavuta wapita njia kwa maneno matamu, na hapo nampa haki yake, mdomo anao. Mimi nilikuwa na mkono. Mbuta wangu wa kuchemsha hakuwa na mbwembwe: nyanya, kitunguu, na pilipili moja nzima iliyoelea juu bila kupasuka. Madereva wa malori walikuwa wakipiga simu kutoka Isebania kuniambia niwawekee kichwa. Si mkia wala katikati, kichwa. Anayejua samaki anajua maana yake.

Mnaujua uaminifu wa kijinga? Nilikuwa nao, tena wa kutosha kugawia majirani. Mama mzazi wa Madam alipolazwa hospitali Homa Bay, ni mimi niliyekwenda kumuuguza. Nilimwosha, nikambadilisha, nikamlisha uji kwa kijiko, kwa sababu Madam alisema yeye harufu ya wodi inampandisha presha. Alikuwa akija Jumapili na maua ya plastiki, anasimama mlangoni, anauliza, "Mama anaendeleaje?" kana kwamba mimi ndiye binti na yeye ni mgeni. Yule bibi alipopona, Madam alinishika mikono yote miwili mbele ya manesi. "Nyar Karungu, wewe si mfanyakazi wangu," akasema. "Wewe ni dada yangu wa tumbo moja." Nililia. Haki ya Mungu nililia, mjinga mimi.

Kulikuwa na mfanyabiashara Mwislamu kutoka Pwani aliyefungua mkahawa wa pilau ng'ambo ya barabara. Alimtuma mtu kwangu, halafu akamtuma mkewe, mama mpole mwenye hina mikononi. Aliniambia, "Dada, njoo kwetu, jiko letu lina bomba la moshi, macho yako yatapumzika." Nikamjibu kwamba siwezi kumwacha dada yangu. Alinitazama sana yule mama, kisha akasema inshallah na kuondoka. Baada ya muda walihamia Kisumu, na mimi nikabaki na moshi wangu.

Kisha mume wangu akafa. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Kifua kilimshika wakati wa mvua na hakikumwachia. Tulimzika nyumbani kwao Uriri, na Madam alikuja mazikoni na gari lake, kitambaa cheusi kichwani, akifuatwa na akina mama wa kanisa lake. Walipompa maikrofoni hakuirudisha upesi. "Huyu mama ni damu yangu," alisema, akininyooshea kile kidole. "Watoto hawa wawili hawajaachwa yatima. Mimi nipo." Watu wakapiga makofi mazikoni, kitu ambacho si kawaida. Mama mkwe wangu hakupiga. Alikuwa ameketi chini karibu na kaburi, akisaga meno yake machache.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kuna shida yenyewe. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Anavaa nguo ya marehemu, mimi nilivaa shati lake la kazi, la buluu, na anakaa nyumbani. Haingii nyumba ya mtu mwingine. Hashiki chungu cha mtu mwingine. Anakaa hivyo mpaka wazee wamalize mambo yao, wamnyoe, wamfungulie mlango, na hapo anatoka na kusalimia dunia kama watu wengine. Akitoka kabla, inasemekana anabeba chira, ule mkosi unaomaliza watu pole pole, na nyumba anayoingia inaupokea. Ndivyo tulivyolelewa. Wapo wanaoamini, wapo wanaosema hawaamini, ila hata hao wasioamini hutawaona wakimkaribisha chi liel jikoni kwao.

Madam alipiga simu udongo wa kaburi ukiwa haujakauka. Kulikuwa na wageni wa semina waliokuwa wameagiza chakula, wageni wakubwa, wa suti, na wale wasichana wawili niliokuwa nikiwafundisha walikuwa wamegeuza samaki kuwa uji. "Njoo hata siku hiyo moja," akasema. Nikamwambia, "Madam, unajua siwezi. Mimi ni chi liel." Akakata simu. Nikadhani ameelewa.

Kumbe amewasha gari. Alifika na sukari na mikate na Biblia kubwa ile ya zipu. Akaketi kwa mama mkwe, akafungua, akasoma, akafunga. Akasema mambo haya ya kaburi ni giza, kwamba aliyeokoka hana mkosi, kwamba Yesu alishanitoa matangani zamani sana, hao wazee wanasubiri nini? Alizungumza vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na shati langu la buluu, nikasikia moyo unafunguka. Nilikuwa nimechoka kukaa pale nikitazamwa na kila anayepita.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Alipojibu hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Enda," akasema. "Lakini ukipita hilo lango na shati la mwanangu mwilini, usinirudishie mguu wako hapa. Hata nikifa usije kunililia."

Nikaenda. Msinitafutie sababu kubwa. Watoto walihitaji kula, ndiyo, lakini hata bila hilo ningeenda. Nilienda kwa sababu yule mwanamke aliniambia mimi ni dada yake, na mimi nikaamini.

Tulipokaribia mjini alisimamisha gari kando ya barabara, akanipa aproni mpya, nyeupe. "Vua hilo shati," akasema, "wageni wasije wakauliza maswali." Nikalivua. Akalipokea kwa vidole viwili, akafungua buti, akalitupa juu ya magunia ya viazi. Jioni nilipoliulizia, alisema labda wasichana wamelifanya tambara. Sikuliona tena, na sikuwa na nguo nyingine ya mume wangu.

Wale wageni walikula wakalamba vidole. Walirudi, wakaleta wengine, na wengine wakaleta wengine. Ndani ya muda si mrefu Madam alitoka kwenye mabati akaingia kwenye jengo la ghorofa, feni darini, maji ya bomba ya kunawa, picha ya mwana-kondoo ukutani. Watu wakimpongeza alikuwa akisema, "Ni Mungu tu." Mungu na mbuta wangu, lakini hilo halikusemwa.

Mimi nilikuwa naishi stoo, nyuma ya jiko. Krismasi nilikwenda Uriri na sukari yangu mkononi nikidhani hasira zimepoa. Mama mkwe hakuipokea. Nikaiweka chini, ikabaki chini, kuku wakaja kuichungulia. Shemeji yangu akaniletea chai kwenye kikombe cha bati kilichokuwa kimetengwa peke yake juu ya dari, na nilipomaliza hakukigusa. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa kwa kufuli nisilolijua. Wazee walisema hawana la kunifanyia: nimejitoa mwenyewe, basi nimejitoa. Kwa hiyo wakati wote nilipompikia Madam, mbele ya watu wa mume wangu nilibaki mke wa kaburi. Watoto, msichana na mdogo wake mvulana, niliwapeleka Karungu kwa kaka yangu. Madam alikuwa ameshaniambia kwamba stoo si mahali pa watoto. Nikimuuliza habari ya yale maneno ya maikrofoni anacheka: "Subira, dada. Mambo ni hatua."

Hatua zilifika. Mwanawe alirudi kutoka Nairobi na diploma ya mambo ya hoteli na kofia nyeupe ndefu. Siku ya kwanza alionja mchuzi wangu na kuuliza mbona hauna krimu. Siku nyingine akanikuta nimeweka vichwa vya samaki kando kwa ajili ya madereva, akavitupa, akasema hii si hoteli ya wavuvi tena. Nikamwambia, "Kijana, hivyo vichwa ndivyo vilivyokulipia hiyo kofia." Lo! Nilikuwa nimeshajimaliza.

Madam aliniita kaunta, si ofisini, kaunta, wateja wakipita. "Umechoka, Nyar Karungu," akasema kwa sauti ya hospitali. "Macho yako hayo yamekuwa mekundu. Enda upumzike kidogo, tutakuita." Akanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Nilipofungua nikakuta picha ya hoteli kwenye fremu: jengo lote, Madam mlangoni, mwanawe na kofia, wale wasichana wangu wamejipanga. Mimi simo, nilikuwa jikoni siku waliyopiga. Kabla ya magharibi stoo ilikuwa imeshatiwa makreti ya soda. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Zizi langu la Uriri lilikuwa na kufuli.

Nilikaa kwa rafiki, nikapika chapati za kuuza, nikapiga simu Karungu kila nilipopata salio. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa akinipa watoto kwenye simu haraka haraka, na kila mara aliongeza jambo: sare imechanika, ugali unaisha, huyu mdogo anakojoa. Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wake. Nilijua hawezi kunishikia wangu milele.

Ndipo dereva mmoja wa lori la samaki, mteja wangu wa vichwa wa zamani, aliponiambia kuna mama kutoka kisiwa cha Mfangano anafungua hoteli Homa Bay, karibu na ufuo, anatafuta mpishi mkuu. Alikuwa amefanya biashara ya samaki miaka mingi na sasa amejenga. Nikaenda. Mama mnene, mchangamfu, kanga kiunoni, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alinionyesha jiko lenye bomba la moshi. Halafu akanizungusha nyuma. Kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mlango umepakwa rangi ya kijani ambayo ilikuwa bado inanata, dirisha linaona maji. "Hii ni ya mpishi wangu," akasema. "Sitaki mpishi wa kukimbizana na magari asubuhi. Una watoto?" Nikasema wawili. "Waje wote, shule iko hapo."

Sikuficha kitu, furaha ilinitoka machoni. Nilipiga simu Karungu palepale uani. Binti yangu aliuliza kama kila mtu atakuwa na kitanda chake, nikasema ndiyo. Yule mdogo akapiga kelele mpaka wifi akamnyang'anya simu.

Kilichobaki ni kupika. Mama wa Mfangano alinipa mbuta mzima na sufuria mpya, inang'aa. Nikampikia vile ninavyojua. Tukakaa mezani sisi wawili, akanawa, akala. Huyo mama alikula! Alikula akinung'unika kwa raha, akavunja kichwa, akanyonya mfupa, akasema, "Ayaye, ulikuwa wapi wewe?" Kisha akasema kwa kuwa mambo ni ya utaratibu, ampigie tu mwajiri wangu wa zamani amsalimie. Nikampa namba mwenyewe, kwa mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa na mchuzi, akaweka simu mezani, akabonyeza spika.

Madam alipokea kwa ile sauti yake ya asali. Mama wa Mfangano akajitambulisha, akauliza habari zangu. "Nyar Karungu?" Madam akasema kwa Kiswahili, maana hotelini kwake kaunta ilikuwa lazima Kiswahili. "Huyo ni mpishi. Hakuna kama yeye. Mwaminifu, msafi, hana mkono mrefu." Nikacheka kimoyomoyo, nikamsamehe. Nawaambia ukweli, nilimsamehe yote, hata lile shati.

Kisha akauliza, "Dada, uko peke yako?" Mama wa Mfangano akanitazama, akanikonyeza kwa utani, akasema, "Niko peke yangu."

Madam akahama, akaingia Dholuo, lugha ya kwetu, na sauti ikashuka. Alisema kuna jambo ambalo mtu hawezi kulisema kwa Kiswahili. Kwamba mimi niliingia jikoni kwake nikiwa chi liel, sijanyolewa, sijatolewa, udongo wa kaburi ukiwa mbichi. "Alikuja mwenyewe," akasema. Mwenyewe! "Mimi ni mtu wa kanisa, sikuwa na la kusema. Lakini tangu siku ile nyumba yangu haijatulia. Mama yangu akafa. Ndoa ya mwanangu ikavunjika. Hata wakwe zake Uriri hawali mkononi mwake, uliza. Nakwambia kwa sababu wewe pia ni mama."

Mama wa Mfangano alikuwa na kipande mdomoni. Aliacha kutafuna. Akashukuru, akakata simu, akainuka taratibu mpaka mlangoni, akatema nje. Aliporudi hakukaa. "Ni kweli?" akaniuliza.

Ningesema nini? Mama yake alikufa kweli, mzee wa miaka tisini, na mimi ndiye niliyemvalisha. Wakwe kweli hawali mkononi mwangu. Kila kitu alichosema kilikuwa kimetokea, isipokuwa lile neno moja, mwenyewe. "Ni kweli," nikasema. "Lakini ni yeye aliyenitoa. Alikuja na gari. Alikuja na Biblia." Nikasikia jinsi ninavyosikika, kama mwizi anayemtaja mwenzake.

"Dada yangu, mimi mambo hayo siyaamini," akasema, akijifuta vidole na kanga, kidole kimoja kimoja. "Lakini watu." Akamwita msichana wake amwage kile chakula, akamwonya kuku wasikifikie. Halafu akanikabidhi ile sufuria, haijapikiwa mara mbili. "Chukua. Usirudi mikono mitupu." Alisema kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu alidhani sitaelewa kwamba hataki ibaki kwake.

Sikwenda kulia. Nilikwenda Migori. Niliingia kwa Madam saa saba, saa ya chakula, hoteli imejaa pomoni, nikaitua ile sufuria kwenye kaunta kwa kishindo. Akatabasamu! "Karibu, Nyar Karungu! Umekonda. Wamekuchukua Homa Bay? Nilikusifu sana."

"Uliniambia Yesu alishanitoa matangani," nikasema. "Alinirudisha lini?"

Tabasamu likamkauka. "Njoo ofisini tuongee kama watu wazima."

"Hapana. Mimi mambo yangu huwa ni kaunta." Nikawageukia wateja. Nusu yao nilikuwa nawajua, nilijua nani hapendi pilipili na nani anachukia mnavu. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili ili hata Wakuria na Wakisii waliokuwepo wasikose neno: "Wateja wangu, Madam anasema mimi ni chi liel, nina mkosi, na sahani niliyoigusa ni ya kumwaga. Sasa mimi ndiye niliyewapikia hapa tangu mabati. Kila mmoja wenu amekula mkononi mwangu. Yeye alijua, akawauzia. Muulizeni kama ninyi pia mmwagwe!"

Vijiko vikasimama. Mama mmoja akasukuma sahani yake. Moyo ukanipanda, nikaona leo, leo hii hoteli itafungwa, na nawaambia nilitaka ifungwe, nilitaka nyasi ziote kwenye ile ngazi yake. Lakini dereva mmoja mezani nyuma akasema, "Sasa si tumekula miaka yote hiyo na hatujakufa? Leta ugali ingine!" Watu wakaangua kicheko. Yule mama akarudisha sahani yake.

Na Madam, katikati ya kicheko, akaanza kulia. Machozi ya kweli, makubwa, akijishika kifua. "Nyar Karungu, baada ya yote niliyokufanyia? Nilisimama mazikoni kwako. Nilikuokota Uriri ukiwa huna mtu!" Wateja wakainuka kumbembeleza. Mmoja akamletea maji. Kijana wa kofia akanishika kiwiko kunitoa nje, na nikiwa mlangoni nikasikia sauti ninayoijua, ya msichana niliyemfundisha kushika mwiko, ikisema, "Watu wengine hawana shukrani kabisa." Fadhila za punda ni mateke, mtu akaongeza, na punda hapo alikuwa mimi.

Ukipita leo utaikuta imejaa. Hakuna mteja aliyedhurika, feni zinazunguka, Madam amenenepa. Sijui chira ni kitu cha namna gani kinachopita juu ya vichwa vya watu wote wa mjini kikaniangukia mimi peke yangu. Namchukia yule mwanamke. Kanisani wanasema nisamehe, na mimi nawaambia nilishamsamehe, kwenye simu, dakika moja nzima, na mliona alivyoitumia.

Nikaenda Karungu kuwaambia watoto kwamba nyumba haipo. Njiani nilipanga maneno: nyumba ina tatizo, mwenyewe amebadilisha mawazo, mama ataipata nyingine. Sikukumbuka kwamba wifi yangu huanika dagaa wa omena ufuoni na wanunuzi wake ni wanawake wanaokuja na maboti kutoka Mfangano. Habari ilikuwa imeshavuka maji kabla yangu.

Niliwakuta watoto wanakula. Watoto wa kaka yangu walikuwa ndani, nilisikia vicheko vyao na vijiko. Wangu wawili walikuwa nje kando ya vyandarua vya omena, wameketi mchangani. Yule mdogo akaniona, akaruka, akainua sahani ya plastiki ya njano juu ya kichwa chake nione vizuri.

"Mama! Siku hizi sisi tuna sahani zetu! Hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuzigusa!"

Dada yake alikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Aliivuta sahani yake chini ya magoti, akainamisha kichwa, akaendelea kutafuna. Nikakaa chini katikati yao na yale maneno niliyoyapanga yakapotea. Nikamwambia mwanangu sahani ni nzuri.

Wifi akatokea mlangoni. Hakunipa mkono. Alirudi ndani, nikasikia anaongea na kaka yangu. Kisha akatoka na ugali na samaki kwenye sahani ya tatu, ya njano kama zile mbili, kibandiko cha duka bado kiko pembeni. Akainama, akaiweka mchangani mbele yangu, akarudi nyuma hatua kidogo.

"Karibu chakula, wifi," akasema.